C.T. Studd: Staa aliyewaficha wenzake siri kwa miaka sita

AGOSTI 29, 1882, Uwanja wa The Oval, London. England wanahitaji mikimbio 85 tu kuifunga Australia kwenye mechi ya kriketi ambayo watu mjini walishaihesabu kuwa imekwisha. Kikosi ni cha kutisha. Yumo Alfred Lyttelton, jamaa ambaye miaka mitano nyuma aliichezea England soka dhidi ya Scotland, mtu wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo kwenye michezo yote miwili. Yumo pia kijana wa miaka 21, Charles Thomas Studd, ambaye mashabiki walimwita kwa herufi mbili tu: C.T.

Msimu ule dogo alikuwa moto. Alifikisha mikimbio 1,000 na kuangusha wiketi 100 ndani ya msimu mmoja, kazi ambayo waliowahi kuifanya walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Tena akiwa na timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge aliwapiga hawahawa Australia mikimbio zaidi ya 100. Kwa hiyo siku ile kila mtu pale The Oval alijua kwamba mambo yakiwa magumu, Studd yupo.

Mambo yakawa magumu. Mrushaji wa Australia, Fred Spofforth, alianza kuangusha watu mmoja baada ya mwingine. Kapteni wa England, Hornby, akapangua orodha yake ya wapigaji na kumsogeza Studd hadi namba 10. Alipoingia, mchezo ulikuwa unateleza mikononi. Mwenzake wa mwisho, Ted Peate, badala ya kutulia ili Studd apate zamu ya kupiga, akarusha gongo kwa pupa na kutolewa. England wote nje kwa mikimbio 77. Wamefungwa kwa tofauti ya saba. Studd alikuwa amesimama upande wa pili wa kiwanja, hajarushiwa hata mpira mmoja.

Shabiki wa soka anaijua hali hiyo vizuri. Ni yule mpiga penalti wa tano, fundi wa timu, aliyewekwa mwisho ili amalize kazi. Wenzake wanakosa, mechi inakwisha, naye hajaugusa mpira. Amebaki katikati ya uwanja na mikono kiunoni.

Siku chache baadaye gazeti moja la michezo la London lilichapisha tangazo la msiba la utani, kwamba kriketi ya England imefariki na majivu yake yatapelekwa Australia. Kutokana na utani huo ndipo likazaliwa jina la mashindano ambayo England na Australia wanagombania hadi leo: Majivu, au The Ashes. Studd anakumbukwa na wapenzi wa kriketi kwa siku ile. Lakini kijana huyo alikuwa na jambo jingine alilolishika mkononi bila kulitumia, na hilo halikuwa gongo. Lilikuwa imani yake.

NYUMBA YA FARASI

Studd alizaliwa Desemba 2, 1860 huko Spratton, Northamptonshire. Baba yake, Edward Studd, alitengeneza utajiri kwenye mashamba ya nili kaskazini mwa India, kisha akarudi Uingereza kula maisha. Mzee alipenda farasi kupita kiasi. Mwaka 1866 farasi wake, Salamander, alishinda Grand National, mbio za farasi zinazotikisa Uingereza mpaka kesho. Nyumbani kwao Tedworth kulikuwa na mazizi, mbwa wa kuwindia na kiwanja cha kriketi. Dini ilikuwa ya Jumapili, na ilivuliwa pamoja na koti la Jumapili.

Mwaka 1875 mhubiri wa Kimarekani, Dwight Moody, aliingia London. Alikuwa muuza viatu wa zamani, hana elimu kubwa, na magazeti yalimcheka. Edward Studd asingekwenda kumsikiliza mtu wa namna hiyo kwa hiari yake. Aliyempeleka ni rafiki yake, mtu aliyeitwa Vincent, ambaye mwenyewe alikuwa ameguswa na mahubiri ya Moody. Vincent hakumhubiria mwenzake. Alimchukua tu, wakatoka jioni kama marafiki wanavyotoka, wakaenda kukaa na kusikiliza. Edward akarudi tena siku nyingine, na nyingine. Mwisho wake mzee akaokoka.

Waliokuwa karibu naye hawakuamini walichokiona. Aliuza farasi wake wa mbio. Ukumbi mkubwa wa nyumba akaupanga viti na mabenchi, akawa anawaita majirani, wakulima na wafanyabiashara wa eneo lile waje kusikiliza Injili. Mmoja wa watumishi wake wa farasi alisema jambo ambalo familia ililikumbuka miaka mingi baadaye: kwamba ngozi ya bwana wao ni ileile, ila ndani yake amekaa mtu mwingine.

Wanawe hawakufurahi. Watatu kati yao, Kynaston, George na Charles, walikuwa wanafunzi wa Eton, shule ya watoto wa wakubwa, na wote watatu walikuwa nyota wa kriketi. Baba aliyekuwa mtu wa raha sasa alikuwa anawauliza habari za roho zao. Studd alikuja kukiri baadaye kwamba kipindi kile kila mtu aliyeishi ndani ya nyumba ile alisumbuliwa mpaka akubali. Vijana walikuwa wanajificha, na wakisikia nyayo za mzee mlangoni wanajifanya wamelala.

MGENI ALIYECHEKWA

Kilichowapata hakikutoka kwa baba. Likizo moja ya kiangazi mzee alimkaribisha nyumbani mgeni, Bwana Weatherby, mtu mpole wa dini. Vijana wakaona wamepata wa kumchezea. Walimwalika kupanda farasi, wakijua fika kwamba hawezi, kisha wakampita kwa kasi ili farasi wake naye aanze kukimbia. Mgeni alirushwarushwa njia nzima, lakini hakuanguka, hakulalamika, wala hakwenda kushtaki kwa mwenye nyumba. Wakamheshimu kidogo kwa hilo.

Mchana wa siku moja Charles alikuwa anatoka kwenda kucheza kriketi. Weatherby akamkuta mlangoni, akamuuliza moja kwa moja kama yeye ni Mkristo. Kijana akajibu kwa kuzungukazunguka. Mgeni hakumgombeza. Alimweleza taratibu habari ya zawadi ambayo mtu hupewa bure, na jinsi mtu anavyopaswa kushukuru akishaipokea. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Charles akapiga magoti, akashukuru, na alisema baadaye kwamba wakati uleule furaha ilimwingia.

Kumbe siku ileile, kwa nyakati tofauti, Weatherby alikuwa amezungumza na Kynaston na George pia, na wote wawili walikubali. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Watatu hao walilala nyumba moja, wakarudi shule moja, wakacheza timu moja, kila mmoja akidhani ni peke yake. Waligundua pale barua ya baba yao, iliyoandikwa kwao wote, ilipofika Eton wakati wa kifungua kinywa ikiwa imejaa furaha. Wakatazamana mezani.

Mwaka 1877 watatu hao walikuwa pamoja kwenye kikosi cha kwanza cha Eton. Mwaka huohuo baba yao akafariki. Alikuwa ameishi miaka miwili tu tangu jioni ile aliyopelekwa na Vincent.

MIAKA SITA YA KIMYA

Cambridge iliwapokea ndugu hao kama wafalme. Kwa misimu mitatu mfululizo unahodha wa kriketi wa chuo ulikaa ndani ya familia moja: George mwaka 1882, Charles mwaka 1883, Kynaston mwaka 1884. Ni kama klabu kubwa kumkabidhi kitambaa kaka, kisha mdogo wake, kisha kaka mwingine, na hakuna shabiki anayenung'unika.

Kynaston aliubeba Ukristo wake hadharani. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wanafunzi Wakristo wa Cambridge, na Novemba 1882 alimwalika Moody kuja kuhubiri chuoni. Usiku wa kwanza wanafunzi walipiga kelele na kumfanyia dhihaka mhubiri na mwimbaji wake. Kufikia mwisho wa wiki baadhi ya waliokuwa wakizomea walikuwa wamekuja kuomba radhi. Kynaston alikuwa anajulikana chuo kizima, na alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili ya mgeni anayezomewa.

Charles hakuwepo. Alikuwa safarini Australia na kikosi cha Ivo Bligh, kilichokwenda kuyarudisha yale majivu ya utani. Waliyarudisha kweli. Walishinda mechi mbili kati ya tatu dhidi ya kikosi kilichowafunga The Oval, na kina mama wa Melbourne wakampa Bligh chungu kidogo cha udongo kama kumbukumbu. Charles na George wote walikuwa kwenye kikosi kile.

Kwa nje kila kitu kilikuwa sawa. Kwa ndani, kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, alikuwa amepoa. Sababu aliyoitaja ni moja: alipookoka hakwenda kumwambia mtu yeyote. Alilificha lile jambo, akakaa nalo peke yake kama mtu aliyefungia chakula kabatini, na kikaanza kuharibika. Miaka sita alilala vyumba vya hoteli na wenzake, akasafiri nao kwa meli wiki kadhaa, akanywa nao chai baada ya mechi, na hakuna aliyejua. Alikuwa na heshima mbele ya watu, tena kubwa. Jambo hilo tu hakulithubutu.

Watu wengi wanaoamini wanaujua ukimya huo, hata wale ambao hawajawahi kushika gongo. Siyo kwamba mtu ameacha imani. Anaogopa kuonekana mshamba mbele ya marafiki, anaogopa kuharibu stori za kijiweni, anajiambia kwamba matendo yake mazuri yatasema yenyewe. Kwa Studd matendo yalikuwa mazuri na hayakusema kitu, kwa sababu hakuna aliyejua yanatoka wapi.

KITANDANI KWA GEORGE

Mwishoni mwa mwaka 1883 George aliugua sana, hata familia ikajiandaa kwa lolote. Charles alikaa naye usiku na mchana. Pale kitandani mambo yakapangika upya kichwani mwake. Kaka yake alikuwa nahodha wa zamani wa Cambridge na mchezaji wa England, na hakuna kati ya hayo lililokuwa na kazi yoyote chumbani mle. Sifa za magazetini hazimpunguzii mgonjwa homa.

George alipona. Charles akaenda kumsikiliza Moody, na safari hii alitoka na uamuzi wa kutokaa kimya tena. Alianza na watu aliowajua zaidi, yaani wachezaji wenzake.

Ukitazama alivyofanya, utaona ni kama Vincent alivyofanya kwa baba yake. Hakusimama kwenye kiti katikati ya chumba cha kubadilishia nguo. Aliwaalika kwenda naye kusikiliza. Ivo Bligh, nahodha wake wa Australia, alikwenda. A.J. Webbe akaenda. A.G. Steel, fundi aliyekuwa naye siku ya msiba wa The Oval, naye alikwenda. Baada ya hapo walizungumza, maana rafiki ukimpeleka mahali lazima njiani akuulize kwa nini umemleta. Studd aliandika kwamba muda si mrefu mmoja wa marafiki zake wa karibu kabisa aliamini, na kwamba furaha aliyoipata siku ile ilizidi ya ushindi wowote uwanjani.

Haikuwa kazi rahisi. Mwaka mmoja nyuma baadhi ya watu hao walikuwa naye kwenye meli kwa wiki nzima nzima bila kusikia neno. Mtu anayeanza kuongea baada ya miaka sita lazima kwanza aeleze kwa nini alinyamaza. Lakini walimjua kama mtu mnyoofu uwanjani, asiyefanya ujanja wa kitoto, na walimpa nafasi ya kusikilizwa. Hapo ndipo tabia yake njema ya miaka yote ilipopata kazi.

WATU SABA WA CAMBRIDGE

Mwishoni mwa mwaka 1884 Studd alitangaza kwamba anakwenda China kama mmisionari. Fikiria mchezaji bora wa ligi, miaka 23, anavunja mkataba akiwa kwenye kilele na kwenda kufundisha kijiji ambacho hakiko kwenye ramani. Mama yake alilia. Hata Kynaston, mlokole wa siku zote, alimsihi asubiri. Ndugu waliona anamuua mama yao kwa uchungu.

Hakwenda peke yake. Stanley Smith, aliyekuwa mpiga makasia wa timu ya mashua ya Cambridge, alikuwa tayari amejiandikisha. Wakaongezeka wengine, wanafunzi na maofisa wa jeshi, mpaka wakafika saba: Smith, Studd, Montagu Beauchamp, William Cassels, Dixon Hoste na ndugu wawili, Arthur na Cecil Polhill-Turner. Magazeti yakawaita Saba wa Cambridge. Kabla ya kuondoka walizunguka vyuo, na kumbi zikajaa vijana waliokuja kuwatazama mastaa wa michezo kisha wakatoka wakizungumza habari nyingine kabisa. Februari 5, 1885 waliondoka Uingereza.

China Studd alivaa nguo za Kichina, akala chakula cha Kichina na kulala kwenye nyumba za wageni za vichochoroni. Baadaye aliendesha nyumba ya kuwasaidia waraibu wa kasumba kuacha. Huko hakukuwa na mtu aliyewahi kusikia neno kriketi, hivyo jina lake halikuwa na thamani. Alilazimika kuaminiwa upya, kwa kuonekana anavyoishi.

PAUNI 29,000

Alipotimiza miaka 25 urithi wake kutoka kwa baba ulifika. Zilikuwa pauni 29,000, fedha ambayo wakati ule ingemweka mtu kwenye jumba na watumishi maisha yake yote. Studd aliamua kuzitoa. Alihitaji saini ya balozi mdogo wa Uingereza kwenye karatasi za benki, na balozi alipoona kiasi chenyewe akagoma. Alimwambia arudi baada ya wiki mbili akiwa bado na akili zake. Studd alirudi baada ya wiki mbili. Akasainiwa.

Mwaka 1887 aliandika hundi nne za pauni 5,000 kila moja na nyingine tano za pauni 1,000. Moja ya zile kubwa ilikwenda kwa Moody, aliyeitumia kuanzisha chuo cha Biblia huko Chicago. Nyingine ilikwenda kwenye kituo cha yatima cha George Müller huko Bristol. Zilizobaki, pauni 3,400, alimpa mchumba wake, Priscilla Stewart, mmisionari kutoka Ireland. Priscilla naye akazitoa kwa Jeshi la Wokovu. Wakaoana mwaka 1888 wakiwa hawana kitu benki, na wakapata mabinti wanne.

Kuna waliosema ni wazimu, na hoja yao si ya kupuuza, kwa sababu familia ile ilikuja kujua shida. Lakini waliosikia habari hiyo kule Uingereza hawakuweza kusema tena kwamba jamaa anahubiri kwa mdomo tu.

MNYORORO WA KYNASTON

Wakati Charles yuko China, Kynaston alizunguka vyuo vya Marekani akieleza habari za wale Saba. Januari 1886 alifika Chuo Kikuu cha Cornell. Ukumbini aliingia kwa kuchelewa mwanafunzi mmoja, John Mott, aliyetaka zaidi kumwona mchezaji maarufu wa kriketi kuliko kusikia mahubiri. Kesho yake Mott alimtafuta Kynaston faragha. Wakakaa na kuzungumza. Mazungumzo hayo yakabadili mwelekeo wake. Aliachana na ndoto za sheria na siasa, akawa kiongozi wa vijana Wakristo duniani, na mwaka 1946 akashiriki Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hesabu mnyororo huo kwa kurudi nyuma. Mott alizungumza na Kynaston. Kynaston alizungumza na mgeni aliyechekwa juu ya farasi. Mgeni aliitwa na Edward. Edward alipelekwa na rafiki yake Vincent, ambaye hata wanahistoria wengi hawana habari zake. Ni pasi nne, na mtoa pasi ya kwanza hakuliona bao.

KUTOKA MLIMANI INDIA HADI MSITUNI KONGO

Afya ilimrudisha Studd Uingereza mwaka 1894. Kuanzia 1900 hadi 1906 alikuwa mchungaji huko Ootacamund, mji wa milimani kusini mwa India, na huko gongo likatoka kabatini. Alicheza na maofisa na askari, akapiga alama kubwakubwa ilhali umri umekwenda, na walewale aliocheza nao Jumamosi aliwaona kanisani Jumapili.

Mwaka 1908, akiwa Liverpool, aliona tangazo la mkutano lililowachora watu wa Afrika ya Kati kama wala watu, namna Wazungu wengi wa siku zile walivyowaona. Alicheka, akaingia ndani kusikiliza, na akatoka na mzigo mpya. Madaktari walimkatalia. Kamati ya wafadhili ikajitoa. Mke wake alikuwa mgonjwa wa moyo. Hata hivyo mwaka 1913, akiwa na miaka 52, aliondoka na kijana mmoja wa Cambridge, Alfred Buxton. Walipita Kenya ya leo na Uganda hadi Ziwa Albert, wakavuka na kuingia Kongo ya Wabelgiji.

Watu wa kule walikuwa na sababu zote za kumwogopa mzungu. Utawala wa Mfalme Leopold ulikuwa umekoma mwaka 1908 tu, na kwao mzungu alimaanisha mpira wa porini, pembe za ndovu na kiboko. Huwezi kuondoa hofu ya namna hiyo kwa hotuba. Studd na Buxton walianzia Niangara na Nala, na baadaye Studd akaweka makao Ibambi. Alikaa kwenye nyumba ya mianzi na nyasi, akaamka usiku wa manane kusoma na kuandika, akapiga banjo na kuimba na wanakijiji. Hakuhitaji mkalimani baada ya muda, kwani alijifunza Kingwana, Kiswahili cha Kongo, na akatafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Watu walimwita Bwana Mukubwa.

Mwaka 1916 alirudi Kongo baada ya mapumziko, na hakuiona Uingereza tena. Priscilla alibaki London akiendesha ofisi ya misheni yao. Katika miaka yote iliyofuata walionana mara moja, mwaka 1928, alipokuja Ibambi kwa wiki mbili. Waumini wengi ndipo walipojua kwa macho yao kwamba Bwana ana mke, na kwamba kuwepo kwake pale kulikuwa kumemgharimu mtu mwingine pia. Mwaka uliofuata Priscilla akafariki.

MDOMO ULEULE

Habari ya Studd ingekuwa tamu kama ingeishia hapo, lakini isingekuwa kweli. Mtu aliyekaa kimya miaka sita, uzeeni alikuwa na ulimi mkali kuliko wengi walivyoweza kuvumilia. Alitaka kila mmisionari afanye kazi kama yeye, saa karibu zote za siku, bila likizo. Aliwatilia shaka waumini ambao maisha yao hayakulingana na maneno yao, na alitamka hivyo wazi. Aliandika kijitabu cha lugha ya kuudhi kilichowakera Wakristo wengi Uingereza. Alikuwa mgonjwa na alitumia dawa ya mofini, jambo lililozua maswali makubwa. Alitofautiana hata na Buxton, kijana aliyekuja naye na kumuoa binti yake Edith, mpaka wakaachana njia. Kamati ya London ilikuwa kwenye mgogoro mzito naye siku zake za mwisho.

Hapo ndipo maisha yake yanapomfundisha hata asiyekubaliana naye. Weatherby alimpata kwa upole, baada ya kudhihakiwa. Webbe na Bligh walimfuata kwa sababu ya urafiki. Wanakijiji wa Ibambi walimkubali kwa sababu alikaa nao. Pale alipowakosa watu, wengi wao wakiwa wenzake wa kazi, alikuwa amewabana kama baba yake alivyowabana watoto Tedworth, wakati ambapo hata wanawe walijifanya wamelala.

CHUNGU NA KABURI

Studd alifariki Ibambi Julai 16, 1931, akiwa na miaka 70. Waliokuwepo walisimulia kwamba mwishoni alikuwa amebaki na neno moja tu la kumsifu Mungu. Umati mkubwa wa Wakongo ulitoka vijijini kuja kumzika. Kynaston, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshakuwa Meya Mkuu wa London, alimwishi zaidi.

Kile chungu kidogo cha Melbourne, chenye urefu wa sentimita 11 hivi, Ivo Bligh alikaa nacho nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 1927. Baada ya hapo kilikwenda Lord's, uwanja mkuu wa kriketi London, ambako mashabiki hupanga foleni kukitazama. Ubavuni kimebandikwa shairi la utani lenye majina ya wachezaji wa safari ile. Lipo la Studd, kwa wingi, kwa ajili ya Charles na George. Pembeni yake limeandikwa jina la Steel, yule rafiki aliyekubali kutoka naye jioni moja kwenda kumsikiliza muuza viatu wa zamani.